Gari halina tatizo tambarare, lakini kati ya Mombo na Soni limechemsha mara mbili: chanzo ni nini?

Mpenda Safari (Jumamosi, saa 1:20 usiku)

Salamu wakuu. Ninaandika nikiwa Lushoto, ambako mimi na rafiki zangu wanne tumekuja kupumzika wikendi hii. Tuliondoka Dar es Salaam saa 10 alfajiri ili kukwepa foleni, tukapita Chalinze, Segera na Korogwe, na muda wote huo mshale wa joto ulikaa chini kidogo ya katikati bila kutikisika. Mombo tulisimama kula, tukaweka mafuta, tukaanza kupanda. Kabla ya kufika Soni mshale ulipanda ghafla hadi kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka kwenye kopo la maji la akiba. Tuliegesha, tukasubiri injini ipoe, tukaongeza maji, tukaendelea, na baada ya kona chache likachemsha tena. Hatimaye tulizima kiyoyozi, tukapanda polepole mno, na ndipo tukafika.

Gari ni dogo, la mwaka 2006, injini ya CC 1500, giaboksi ya otomatiki. Kuna jambo lililonishangaza zaidi: lilipochemsha mara ya pili, mshale ulishuka wenyewe hadi karibu na baridi wakati mvuke bado unatoka. Ninaomba kujua tatizo ni nini, na kama ni salama kurudi nalo kesho, kwa sababu Jumatatu sote tunatakiwa kazini.

Fundi wa Kijiweni (saa 1:41 usiku)

Pole mkuu. Hiyo ni feni. Ukitembea mwendo wa 80 barabarani, upepo wenyewe unatosha kupooza rejeta hata kama feni imekufa kabisa, ndiyo maana hukuona dalili yoyote hadi Mombo. Ukianza kupanda kwa mwendo wa 30, upepo haupo na injini inafanya kazi kubwa kuliko awali, kwa hiyo kazi yote inaiangukia feni. Angalia fyuzi yake, relei, na swichi ya joto inayoiwasha. Naomba unijibu swali moja: ukiwa kwenye foleni za mjini, mshale hukaa wapi?

Mzee wa Mlalo (saa 1:58 usiku)

Karibuni nyumbani. Mlima ule umeshinda magari mengi, na mengi kati ya hayo hayakuwa mabovu. Wageni hutoka Mombo wakidhani kwamba wanaingia kwenye baridi, kumbe baridi ya Lushoto, ile iliyowavuta Wajerumani hadi mji wakauita Wilhelmstal, haianzii chini. Mombo iko kwenye tambarare ya joto kali la mashamba ya mkonge, na sehemu kubwa ya mwinuko iko hapo hapo kati ya Mombo na Soni. Mtu anakula ameshiba, injini haijapoa, saa ni za mchana, kiyoyozi kiko juu, abiria wamejaa, na gia ameiacha kwenye D. Gari la otomatiki hapo linahitaji kushushwa hadi 2 au L mapema, kabla halijaanza kuhangaika. Kuhusu feni sina ubishi na fundi, lakini nimeona magari yenye feni nzima yakichemsha pale pale.

Mhandisi Mstaafu (saa 2:30 usiku)

Naomba niongeze hesabu kwenye maelezo ya Mzee wa Mlalo, kwa sababu watu wengi hawajui ukubwa wa kazi inayofanyika pale. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda takriban mita 1,000. Gari dogo lenye watu watano na mizigo lina uzito wa tani moja na nusu. Kuinua uzito huo mita 1,000, bila kuhesabu msuguano wa barabara wala upepo, kunahitaji nishati ya megajuli 15. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, kwa hiyo utachoma karibu lita mbili za petroli kwa ajili ya mwinuko peke yake, na kiasi cha theluthi moja ya joto la mafuta hayo huingia kwenye maji ya injini. Joto hilo linatosha kugeuza lita 8 au 9 za maji yanayochemka kuwa mvuke wote, wakati mfumo mzima wa gari la namna hiyo una lita 5 au 6. Rejeta inapaswa kulitoa joto hilo lote nje kadiri linavyoingia, tena gari likiwa katika mwendo mdogo.

Maana yake ni kwamba mlima wenyewe hauleti ugonjwa; mlima ni kipimo. Rejeta iliyopoteza theluthi moja ya uwezo wake itakupeleka Segera na kukurudisha bila kulalamika, kisha itakuumbua Soni. Kwa hiyo, pamoja na feni, mimi ningeishuku rejeta iliyoziba.

Kichwa Ngumu (saa 2:34 usiku)

Mhandisi, umesahau kuweka kwenye hesabu spika kubwa la muziki, jiko la mkaa na katoni nne za maji ya kunywa. Vijana wa Dar hawasafiri bila vitu hivyo. Mpenda Safari, kanusha kama ninakusingizia.

Mpenda Safari (saa 2:50 usiku)

Ahsanteni wote. Kichwa Ngumu, jiko la mkaa halikuwepo, mengine nakuachia. Ninajibu maswali. Kwenye foleni ya Mbezi au Ubungo mshale hupita katikati kidogo, kisha hurudi gari likitembea. Sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo kwa sababu haujawahi kukaribia nyekundu. Tulipofungua boneti pale mlimani, feni ilikuwa inazunguka, niliiona kwa macho yangu. Gia ilikuwa D wakati wote. Kwenye rejeta kuna maji ya kawaida, kwa sababu fundi wangu wa siku zote alisema kwamba kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, ni kwa ajili ya nchi za barafu.

Bi Nuru (saa 3:05 usiku)

Kabla hujafungua chochote cha gharama, badilisha mfuniko wa rejeta. Gari langu lilikuwa na tabia hiyo hiyo kila nilipokwenda Iringa, yaani linachemsha kwenye mlima wa Kitonga, kisha likifika juu linatulia kana kwamba halikuwa lenyewe. Fundi wa kwanza alinibadilishia feni. Wa pili alinibadilishia rejeta nzima, na bado lilichemsha. Wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alishika mfuniko, akabonyeza springi yake kwa kidole, akaniambia kwamba imelegea na raba yake imepasuka. Mfuniko mpya ulimaliza kesi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli niliyotumia kwenda gereji.

Sababu yake ni hii. Mfuniko ule si kizibo tu. Unazuia maji kwa shinikizo, na chini ya shinikizo hilo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, bali zaidi ya nyuzi 115. Springi ikilegea, shinikizo linavuja, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye kopo la akiba. Ndiyo maana mvuke wako ulitokea kwenye kopo.

Mwana Jiografia (saa 3:12 usiku)

Bi Nuru amegusa jambo ambalo wote mmelipita. Chanzo ni mwinuko wenyewe. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka kwenye joto la chini. Lushoto maji yanachemka kwenye nyuzi 90 tu, ambalo ni joto la kawaida la injini. Gari lolote lazima lichemke huko.

Mhandisi Mstaafu (saa 3:25 usiku)

Kanuni ni sahihi, namba si sahihi. Maji huchemka kwenye nyuzi 90 ukiwa mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko takriban mita 1,400, na huko ni nyuzi 95. Tena hiyo ni kwenye sufuria iliyo wazi. Ndani ya mfumo wenye mfuniko mzima bado uko zaidi ya nyuzi 110, kwa hiyo umbali wa usalama upo. Kama kila gari lingechemka Lushoto, wenyeji wangekuwa wanatembea kwa punda. Ninakubaliana nawe kwa jambo moja: injini inapata hewa pungufu kwa asilimia 13 hivi, nguvu inashuka, na dereva analazimika kukanyaga mafuta zaidi kupata mwendo ule ule. Hilo linachangia, ila halitoshi kuwa sababu peke yake.

Mwana Jiografia (saa 3:31 usiku)

Nimekuelewa mzee, ila usiwadharau punda wa Usambara.

Spana Namba Kumi (saa 3:48 usiku)

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: je, themostati, ile vali inayofunguka kwa joto, imo? Fundi anayekataza kulanti kwa sababu hatuna barafu ndiye huyo huyo anayetoa themostati na kuitupa kwa sababu hizo hizo. Kwenye injini nyingi za siku hizi themostati ina kazi mbili. Inapofunguka kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutalijua hilo, na pengine gari litaonekana la baridi kuliko kawaida. Mlimani ndipo deni linapodaiwa. Mpenda Safari amesema mshale ulikaa chini kidogo ya katikati barabarani, na mimi hilo linanitia shaka.

Fundi wa Kijiweni (saa 4:02 usiku)

Ndugu yangu, nimetoa themostati kwenye magari mengi kuliko uliyoyapanda, na wenye magari wananishukuru hadi leo. Themostati ikikwama ikiwa imefunga, injini inakufa ndani ya dakika chache. Ikiwa haipo, haiwezi kukwama. Kuhusu feni nashikilia msimamo wangu. Magari mengi madogo yana feni mbili, moja ya rejeta na moja ya kiyoyozi. Aliyoiona ikizunguka ni ipi? Na hata kama ni ya rejeta, ilizunguka kwa kasi ipi? Nyingine zina mwendo wa polepole na mwendo wa kasi. Wa kasi ukifa, mtu akifungua boneti anaona inazunguka na kuridhika. Na ameshasema kwamba foleni ya Ubungo inapandisha mshale. Mnataka ushahidi gani tena?

Spana Namba Kumi (saa 4:09 usiku)

Wanaokushukuru ni wa Dar es Salaam, ambako mlima mkubwa ni daraja. Waulize walioko Lushoto, Mbeya na Njombe.

Shemeji wa Tanga (saa 4:20 usiku)

Mnamzungusha mwenzenu. Hiyo ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeondoka. Mvuke kwenye kopo la akiba ni hewa ya kwenye silinda inayosukuma maji nje, na ule mshale ulioshuka ghafla ni dalili kwamba kichwa cha injini kimepinda. Asithubutu kuliwasha tena. Atafute gari la kuvuta hadi Korogwe.

Mhandisi Mstaafu (saa 4:37 usiku)

Mshale kushuka ghafla hakumaanishi kichwa kimepinda. Kihisi cha joto hupima vizuri kikiwa kimezungukwa na maji. Maji yakipungua hadi kihisi kikabaki kwenye hewa au mvuke, kinaweza kusoma joto la chini ilhali chuma kinaungua. Ni dalili mbaya, kwa sababu inaonyesha kwamba maji yalikuwa yamepungua sana, lakini ni dalili ya upungufu wa maji na si zaidi ya hapo. Madereva wengi wameua injini hapo, wakiona mshale umeshuka na kufurahi kwamba gari limepona.

Gasketi hupimwa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, hakikisha maji yamejaa, washa, na uangalie. Mapovu yakitoka mfululizo tangu dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata moto, hapo Shemeji ana hoja. Angalia pia mafuta ya injini kama yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na moshi wa bomba kama ni mweupe mzito na hauishi hata injini ikishapata moto. Ninarudia: injini ikiwa baridi. Mfuniko ukifunguliwa wakati wa moto, maji yanaruka usoni, na kuungua kwa namna hiyo si jambo dogo.

Mama wa Korogwe (saa 4:55 usiku)

Mnapojadili injini, mimi ninawaza mahali walipoegesha. Kona za pale ni finyu, upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde, na magari ya abiria yanashuka kwa kasi. Natumaini waliweka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma kama sheria inavyotaka, na si matawi ya miti peke yake. Na kama waliweka mawe kwenye matairi, natumaini waliyaondoa. Wiki hazipiti bila mtu kugonga jiwe lililoachwa na msafiri ambaye gari lake lilipona akaondoka kwa furaha.

Mpenda Safari (saa 5:10 usiku)

Mama, pembetatu tuliweka na mawe tuliyaondoa. Kumezuka jambo jingine hapa tulipofikia. Wenzangu wawili wanasema gharama ya fundi ni yangu peke yangu kwa sababu gari ni langu, ingawa mafuta tulichanga sote. Ninawasikiliza tu. Asubuhi nitafanya kipimo cha Mhandisi, kisha nitamwita fundi wa hapa.

Kichwa Ngumu (saa 5:13 usiku)

Wenye hoja hiyo washushwe Mombo wapande gari la abiria.

Bi Nuru (saa 5:26 usiku)

Ubovu wa gari ni wa mwenye gari, kwa sababu atabaki nalo baada ya safari. Lakini gharama za kuwafikisha watu, yaani maji, fundi wa dharura na hata gari la kuvuta, ni za safari, na safari ni ya wote. Mfuniko mpya ununue wewe. Fundi wa kesho asubuhi mchangie. Wangepanda basi wangelipa nauli, na basi lingeharibika wasingerudishiwa hata senti.

Mtaita (Jumapili, saa 12:40 asubuhi)

Hamjambo nyote. Ninafuatilia kutoka Kenya, na kwetu tuna mlima wa kutoka Mwatate kwenda Wundanyi unaowatesa madereva vivyo hivyo. Sijaona aliyetaja mpira wa chini wa rejeta. Mpira huo uko upande ambao pampu inavuta. Ukizeeka unakuwa laini, na injini ikizunguka kwa kasi, nguvu ya mvuto inaufinya hadi unajikunja na kuziba maji. Ukipunguza mwendo unafunguka, ukisimama unaonekana mzima kabisa. Binamu yangu alibadilisha pampu na rejeta kabla hajagundua. Kipimo chake ni rahisi: mwenzako akanyage mafuta gari likiwa limesimama na injini ikiwa moto, wewe tazama mpira huo.

Angalizo moja kuhusu ushauri wa Mzee wa Mlalo: kama shida ni mpira huo, kushusha gia na kuongeza mzunguko wa injini kutaizidisha.

Mzee wa Mlalo (saa 1:15 asubuhi)

Hapo umenishika. Lakini kwa gari zima bado ninasema gia ya chini, kwa sababu pampu inazunguka kwa kasi zaidi na giaboksi haihangaiki. Kwenye magari mengi ya otomatiki mafuta ya giaboksi hupoozwa ndani ya tangi la rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo giaboksi inayoteleza kwenye D mlimani inamwaga joto lake kwenye maji yale yale ya injini. Nadhani hilo nalo halikuwemo kwenye hesabu ya Mhandisi.

Mhandisi Mstaafu (saa 1:22 asubuhi)

Kweli, sikuliweka, na kwa mwendo wa polepole kwenye D si joto dogo.

Mpenda Safari (saa 3:50 asubuhi)

Wakuu, taarifa. Kipimo cha gasketi: hakuna mapovu injini ikiwa baridi, mafuta ni safi, moshi ni wa kawaida. Maji yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya lita moja. Fundi wa hapa amekuja, ameacha injini ipate moto, kisha akaizima na kupapasa rejeta kwa mkono. Anasema sehemu ya juu ni ya moto na pembe ya chini upande wa kushoto ni baridi. Kwa maoni yake imeziba. Feni zote mbili zinazunguka, lakini hakuwa na namna ya kujua kama kasi yake ni kamili. Mpira wa chini ameukanyagia mafuta kama alivyosema Mtaita: unanywea kidogo, ila haujikunji. Raba ya mfuniko ina ufa. Themostati hajaifungua. Mbele ya rejeta, kwenye ile ya kiyoyozi, ametoa vumbi na wadudu wa kujaza kiganja.

Fundi wa Kijiweni (saa 4:04 asubuhi)

Kasi haikupimwa. Nimesema.

Bi Nuru (saa 4:06 asubuhi)

Mfuniko una ufa. Nami nimesema.

Spana Namba Kumi (saa 4:11 asubuhi)

Themostati hajaifungua, kwa hiyo nanyi subirini kidogo.

Shemeji wa Tanga (saa 4:30 asubuhi)

Gasketi inayoanza kuondoka huvuja pale tu injini inapofanya kazi ngumu. Kipimo cha asubuhi, gari likiwa limesimama, kinaweza kuipita. Siondoi neno langu, ila gari la kuvuta ninalifuta.

Mama wa Korogwe (saa 4:45 asubuhi)

Sasa wanashuka, na hakuna aliyezungumzia breki. Kupanda kunaua injini. Kushuka kunaua watu. Mpenda Safari, teremka kwa 2 au L, usiweke gia huru kwa kisingizio cha kupumzisha injini, na usikanyage breki mfululizo kutoka Soni hadi Mombo. Ukisikia harufu ya kuungua, au kanyagio likawa laini mguuni, egesha kwenye nafasi pana uache zipoe.

Mhandisi Mstaafu (saa 4:58 asubuhi)

Nyongeza kwa ushauri wa Mama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi pedi. Kama hujui yalibadilishwa lini, shuka kana kwamba ni ya zamani.

Mpenda Safari (saa 9:35 alasiri)

Tuko Segera salama, tunakula machungwa. Fundi alisafisha kwa mbele, akajaza maji, na kutuuzia mfuniko uliotumika kutoka gari jingine. Tulishuka kwa L bila kiyoyozi. Kutoka Mombo hadi hapa mshale haujapita katikati. Je, inawezekana vumbi na mfuniko ndiyo yalikuwa matatizo yote?

Spana Namba Kumi (saa 9:52 alasiri)

Kushuka hakuthibitishi chochote, kwa kuwa injini ilikuwa inabembea tu. Na tambarare ya Mombo hadi Segera ni ile ile uliyoipita jana bila tatizo. Kipimo chako kiko nyuma yako, juu ya mlima.

Kichwa Ngumu (saa 9:55 alasiri)

Basi arudi apande tena, sisi tunamsubiri hapa.

Fundi wa Kijiweni (saa 10:20 jioni)

Ukifika Dar, usikubali mtu akufungulie rejeta kabla ya kupima feni. Kupima feni ni bure. Kuzibua rejeta ya matangi ya plastiki ni kamari, kwa sababu mara nyingi inarudi ikivuja kwenye maungio na unaishia kununua nyingine.

Mzee wa Mlalo (saa 10:41 jioni)

Kwa mpangilio huo ninakubaliana na fundi, ingawa bado ninaamini ni rejeta. Pembe ya baridi haikujileta, na maji ya bomba au kisima yakiingizwa miaka mingi huacha magamba ndani, iwe kuna barafu au hakuna. Kulanti haiwekwi kwa ajili ya barafu peke yake. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Mtaita (saa 11:05 jioni)

Mpira unaonywea kidogo leo utajikunja mwezi ujao. Ubadilishe wakati maji yamemwagwa kwa kazi nyingine, usilipie kazi mara mbili.

Mpenda Safari (saa 3:15 usiku)

Tumefika Dar. Foleni ilianzia Kibaha, na hapo mshale ulipita katikati kidogo, kama kawaida yake. Gari linakwenda gereji Jumatano. Nitaanza na feni, kisha themostati, na mfuniko mpya nitaununua kesho. Mhandisi, nikitaka kulipima bila kurudi Lushoto, vilima vya Pugu vinatosha?

Mhandisi Mstaafu (saa 3:40 usiku)

Havitoshi. Ni vifupi, utafika juu kabla maji hayajapata habari. Unahitaji mlima wa nusu saa na zaidi, mchana, gari likiwa na mzigo. Kwa upande wa Morogoro jaribu barabara ya kupanda Mgeta, ila sehemu zake ni mbaya kwa gari la chini.

Bi Nuru (saa 3:52 usiku)

Na safari hiyo ya majaribio, wale wawili waliokataa kuchangia watangulie mbele kwa mguu, wakibeba madumu ya maji.